JE, KULIPENDA UA NI KULICHUKUA?

Watu wengi hudhani ya kuwa maswali ya haki na dhuluma yahusu mambo makubwa tu, kama mashamba, mahari, urithi na hukumu za baraza. Lakini mara nyingi neno dogo huifunua nia ya moyo kuliko neno kubwa. Katika ukurasa huu twataka kufikiri pamoja na wasomaji wetu juu ya neno dogo sana. Ua limeota msituni, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mtu apita njiani, akaliona, akapendezwa nalo. Je! afanye nini? Alichimbe akalipande penye baraza yake, au aliache lilipo? Na akiliacha, kupendezwa kwake kuna faida gani?

Twauliza hivi kwa sababu wapo wengi katika vijiji vya milimani wapendao kupamba viwanja vya nyumba zao. Mtu atakaye maua aweza kupanda mbegu za kigeni zilizozoea jua. Lakini wengine wameona ya kuwa chini ya mfenesi au mparachichi, mahali ambapo mahindi hayazai wala maharagwe hayastawi, mimea ya msituni huota vizuri, tena hudumu mwaka hata mwaka bila kupandwa upya. Jambo hili ni jema. Walakini kila mmea ulioletwa uwanjani umetoka mahali fulani, na mahali palipotolewa kitu hubaki pengo. Hapo ndipo linapoanza swali letu.

Kwanza yafaa tuijue tabia ya mimea hiyo. Mkulima amezoea kukiona kivuli kuwa adui, maana mahindi ya kivulini huwa membamba na ya kimanjano. Basi husema, Kivuli ni upungufu wa jua. Mimea ya chini ya msitu haihesabu hivyo. Majani yake mara nyingi ni mapana, yapate kupokea mwanga kidogo upenyao kati ya matawi. Mizizi yake haiendi chini sana. Hutambaa katika udongo mweusi wa majani yaliyooza, ambao hushika maji kama kitambaa kilicholowa, wala hautuamishi maji. Jua kali la saa sita, lililo riziki ya mahindi, kwa mimea hii ni moto. Majani yake hubabuka na kukauka kwa siku chache. Kwa hiyo kilicho upungufu kwa mmoja ni shibe kwa mwingine. Na mtu atakaye kuijua mimea hii hana budi kupiga magoti, kwa kuwa wahenga walisema, Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa tuchukue mfano mmoja wa kweli. Katika milima ya Usambara, mkoa wa Tanga, kuna mmea mdogo uotao katika nyufa za miamba penye kivuli, na mara nyingi karibu na vijito. Majani yake ni manene, yana vinyweleo laini kama mahameli, na katika aina nyingi yamepangika mviringo kama sahani. Katikati hutoka maua ya zambarau au ya samawati, yenye kitone cha manjano ndani. Ndugu zake huonekana katika milima mingine ya Tanzania, kama Nguru na Uluguru. Na huko Kenya huonekana juu ya mlima Mbololo katika nchi ya Wataita, na penye miamba ya Cha Simba katika nchi ya Wamijikenda. Nje ya nchi hizi mbili hakuna mahali popote duniani ambapo mmea huu huota wenyewe bila kupandwa na mtu.

Habari ya kutoka kwake yastahili kukumbukwa. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, aliuokota mmea huu. Na mwaka 1887 akauokota Padre W. E. Taylor, yule mmisionari wa Mombasa aliyekusanya methali za Kiswahili na kuzichapa katika kitabu mwaka 1891. Lakini mimea mikavu waliyoipeleka Uingereza haikutosha kwa wataalamu kuitambua vema. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga katika utawala wa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, aliupata katika miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na tena katika msitu wa Usambara. Jina lake Walter von Saint Paul-Illaire. Akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, na baba yake akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen. Wendland akaueleza mwaka 1893, akauita Saintpaulia kwa heshima ya nyumba ile.

Tangu hapo ua hili likaenda mbio kuliko barua. Wauza mbegu wa Ujerumani wakalitoa sokoni. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, Marekani, wakachagua katika miche mingi ile iliyokuwa mizuri na kuizidisha. Mwaka 1946 wapenzi wake katika Marekani wakafanya chama chao wenyewe. Leo yaweza kuonekana madirishani katika nchi zenye theluji, katika nyumba za watu wasiojua Tanga ni upande gani wa dunia. Wataalamu nao wamebadili hesabu yao: zamani walitaja aina zaidi ya ishirini, sasa wengi hutaja kumi hivi, na tangu mwaka 2015 wameziingiza katika jamaa kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus. Basi hata lile jina la heshima si jina la jamaa tena katika vitabu vyao, ingawa watu bado hulitumia.

Hapa natuangalie neno moja kabla ya kuendelea. Lile ua jingine la kivulini, lenye shina la majimaji na maua mekundu au ya waridi, ambalo huota tangu Kenya hata Msumbiji, liliitwa na wataalamu kwa jina la Sultani wa Unguja, na tena kwa jina la Horace Waller, aliyekuwa mmisionari katika bara hili. Watu walioishi karibu na maua haya, wakayapita kila siku wakienda kuteka maji, hawakuandikwa. Hatusemi haya kwa uchungu. Twasema ili ionekane ya kuwa kutia kitu jina ni namna moja ya kukishika mkononi, na mtu aweza kukishika kitu asichokijua kwao.

Basi mambo yakoje leo kwao mmea huu? Jambo la kushangaza ni hili: ua lililojaa katika vyungu vya dunia limekuwa adimu nyumbani kwake. Ziko aina ambazo msituni hupatikana katika mahali pachache tu, penye mwamba huu na bonde lile. Sababu kubwa si wachumaji wa maua, ingawa nao wamo. Sababu kubwa ni kuondolewa kivuli. Misitu ilikatwa kwa mashamba ya kahawa wakati wa Wadachi, kisha kwa chai. Miti mikubwa ilipasuliwa mbao hata katika miaka ya 1980. Na watu wa vijijini walihitaji kuni, nguzo na mahali pa kulima. Mti ukianguka juu ya mwamba, jua huingia. Mwamba hupata moto, unyevu hutoka, na mmea uliokaa pale miaka mingi hufa pasipo mtu kuugusa hata kwa kidole. Waweza kuua kitu bila kukiona.

Tena kuna habari ya iliki, na hii ni habari ngumu, kwa maana inahusu chakula cha watu. Iliki nayo ni mmea wa kivulini, na kwa muda mrefu watu wa Usambara ya Mashariki wameipanda ndani ya msitu. Mkulima wa iliki huiacha miti mirefu isimame. Hufyeka vilivyo chini tu. Mtu akitazama kwa mbali husema, Msitu upo. Lakini chini maua, kangaga na miche ya miti vimekwisha kufyekwa. Baada ya miaka kadhaa udongo huchoka na mavuno hupungua. Na mti mzee ukianguka hakuna mtoto wa kurithi mahali pake. Msitu wa namna hiyo ni kama kijiji cha wazee watupu: moshi bado watoka katika paa, lakini hakuna sauti ya mtoto. Walakini ile iliki imesomesha watoto, imenunua dawa na mabati. Atakayemlaumu mkulima wa iliki na amwambie kwanza atakula nini.

Sasa na tuyapime maoni ya watu. Twayajua matatu.

Oni la kwanza lasema hivi: Ua hili limekwisha kuokoka. Ikiwa limo katika vyungu vingi namna hii, msitu ukitoweka kuna hasara gani? Neno hili laonekana kuwa na nguvu, lakini lina udhaifu mbili tatu. Mimea mingi ya vyunguni imetoka katika mizizi michache iliyochukuliwa zamani, nayo huzidishwa kwa majani, hata mmoja na mwingine ni kitu kimoja katika vyungu mbalimbali. Ugonjwa ukimpata mmoja wawapata wote kwa namna moja. Bali mimea ya msituni huzaliwa kwa mbegu, na kila mmoja ana tofauti yake: huyu avumilia baridi, yule avumilia ukame. Katika tofauti hizo limo tumaini la siku zijazo. Tena mmea wa chunguni umezoea mkono wa mtu, usiponyweshwa hufa. Methali yetu husema, Mwacha asili ni mtumwa. Ua la dirishani ni zuri, nalo hupendwa kwelikweli, lakini limesahau kuishi lenyewe. Hatuwezi kusema kitu kimeokoka ikiwa hakiwezi tena kusimama kwao. Pamoja na hayo tusilidharau chungu. Bustani za wataalamu zimehifadhi aina nyingine zilizokuwa karibu kupotea, na watu wengi wameujua msitu wetu kwa sababu ya ua la dirishani. Chungu ni ghala la akiba. Kosa ni kulidhania ghala kuwa ni shamba.

Oni la pili ni la mtu wa njiani. Asema, Mimi nitachimba mmoja tu. Msitu ni mkubwa. Nani atapata hasara? Huyu twamjibu kwa methali, Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila anayechovya husema ni kidole kimoja tu. Ikiwa mimea ya mwamba mmoja ni arobaini, na kila juma mtu mmoja achukua mmoja tu, kabla ya mwaka kwisha mwamba ni mtupu. Na watu wote waliochukua ni watu wema, hakuna mwizi kati yao. Mizani ya jambo hili haipimi mkono mmoja, hupima desturi. Yatupasa kujiuliza, Je, wote walio katika hali yangu wakifanya kama mimi, itakuwaje? Tena yule achukuaye mmoja mara nyingi huchagua ulio mzuri au ulio wa ajabu, yaani ule ambao ni mchache. Akifika nyumbani huupanda penye jua, kwa kuwa hajui tabia yake. Hufa, naye hurudi kutafuta mwingine. Hivyo ujinga huongeza madeni ya tamaa. Kisha kuna sheria. Msitu wa Amani ulifanywa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na katika msitu wa hifadhi mtu haruhusiwi kuchimba mimea bila kibali. Lakini sisi twataka mtu aache hata mahali asipoonekana na askari wa msitu.

Oni la tatu ni kinyume cha lile la pili. Lasema, Basi tusiguse kitu. Msitu ufungwe, watu wakae mbali, maua yakae salama. Oni hili lina heshima ndani yake, maana kweli kuna mahali panapostahili kuachwa kabisa. Wamijikenda walijua hivyo zamani, wakazilinda kaya zao kwa miiko. Walakini oni hili likichukuliwa peke yake lasahau mambo mawili. La kwanza, mtu hatunzi asichokijua. Mtoto aliyelea mmea mdogo wa kivulini, akaona jinsi unavyonyauka kwa jua na kufufuka kwa unyevu, atauelewa msitu kuliko mtoto aliyeambiwa tu, Usiingie. La pili, kufunga msitu ni rahisi kwa yule asiyeishi kando yake. Katika miaka ya 2000 mashamba ya iliki huko Derema, Usambara ya Mashariki, yalitwaliwa ili vipande vya msitu vilivyotengana viunganishwe, na wenye mashamba walilipwa fidia kwa mimea yao. Kuunganisha msitu ni kazi njema. Lakini kila mkulima ajua ya kuwa fedha hulipwa mara moja, na shamba hulisha kila mwaka.

Hapa twafika penye kiini cha jambo. Dunia nzima imefurahishwa na ua la Usambara. Watu wamelifanyia biashara tangu karne iliyopita. Je, mlima umepata nini? Aliyetunza kivuli alilipwa na nani? Mataifa yenyewe yamekubali ya kuwa swali hili ni la haki. Katika mapatano yaliyofanywa mwaka 1992 juu ya viumbe hai walikiri ya kuwa kila nchi ina haki juu ya mimea yake, na ya kuwa faida itokayo humo yapaswa kugawanywa kwa haki. Mapatano hayo yalianza kuwa na nguvu mwishoni mwa mwaka 1993, yaani miaka mia kamili tangu Wendland alipoliandika ua letu. Sheria imekuja ua limekwisha kwenda. Lakini haki iliyochelewa bado ni haki, na wale wapendao maua katika nchi za mbali wana deni kwa wale wanaovumilia hasara ili kivuli kibaki.

Sasa hukumu yetu ni nini? Twadhani mmea wenyewe umetufundisha. Ua la Usambara lina tabia ya ajabu: jani moja tu, likikatwa pamoja na kikonyo chake, laweza kuzaa mmea mpya. Chukua jani zima, lisilo la kale sana wala changa sana, kutoka katika mmea wa jirani aliyeupata kwa njia ya haki. Lichomeke kikonyo katika mchanga safi uliochanganywa na udongo wa majani yaliyooza. Uweke mahali penye kivuli na mwanga wa asubuhi, ulinde unyevu usipotee, lakini udongo usiwe tope. Baada ya majuma kadhaa kikonyo hutoa mizizi, na baada ya miezi miwili au zaidi miche midogo hutokea chini yake. Ikipata majani ya kutosha itenganishe, uipande kila mmoja mahali pake, kati ya mawe yenye kivuli au katika chungu chenye tundu. Ukinywesha, mwaga maji chini, usiyamwagie majani, maana maji baridi huyatia madoa. Jua la mchana lisiyaguse.

Na yule jirani aliyetoa jani amepoteza nini? Hakupoteza kitu. Mmea wake upo, nao utatoa jani jingine. Hivyo ua laweza kupita kutoka nyumba hata nyumba, na kijiji kizima kikapambwa, pasipo mwamba wa msituni kunyang'anywa hata mmoja. Kuna mali ambayo ukiigawa hupungua, kama unga katika debe. Tena kuna mali ambayo ukiigawa huongezeka, kama elimu na wema. Mtu mwenye busara hujifunza kuitambua ile ya pili, naye hajihesabu kuwa mwenyewe bali wakili. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchukua na kupokea. Anayechukua huacha pengo nyuma yake. Anayepokea huacha rafiki.

Lakini si mimea yote iliyo na ukarimu wa namna hii, na yafaa tuseme kweli. Katika misitu ya Amerika ya Kaskazini kuna ua la kivulini liitwalo triliamu, lenye majani matatu na maua meupe ya vipande vitatu. Mwaka 1937 jimbo la Ontario, Kanada, lililifanya kuwa alama yake. Mbegu zake zina kipande kidogo cha mafuta kipendwacho na sisimizi. Nao huzibeba hata kwao, hula kile kipande, hutupa mbegu, na hivyo huzipanda pasipo kujua. Mbegu hukaa ardhini kupita baridi za miaka miwili kabla ya kutoa jani, na tangu kupandwa hata kuchanua hupita miaka saba au zaidi. Kwa sababu ya kukawia huko wauzaji wengine walichimba mimea mizima msituni na kuiuza, maana kuchimba ni kazi ya siku moja. Wapenda bustani waaminifu wa nchi zile wamejifunza kumwuliza muuzaji, Mmea huu umeulea mwenyewe, au umeung'oa? Swali hilo ni fupi, lakini lina haki ndani yake, nasi twaweza kuliiga. Na yule apandaye mbegu ya triliamu akiwa mzee huenda asilione ua lake. Ampandia nani? Bila shaka apanda kama babu zetu walivyopanda miembe.

Na mtu atakaye kuwa na bustani ya kivulini kwa haki ana kazi moja ya kwanza, nayo si ua. Kazi ya kwanza ni mti. Yupo mtu akataye mti uliokuwa kando ya nyumba, kisha hutafuta ua la msituni na kulifunika kwa makuti lisiungue. Huyo amevunja nyumba na kumletea mgeni kiti. Apande mti, au auache uliopo. Tena achague. Mti ambao Waganda huuita musizi uliletwa Usambara kutoka nje na kupandwa. Hukua upesi, na hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu. Palipokatwa miti ya asili musizi umejaa, na miti ya kale inashindwa kurudi upesi. Kivuli upo, lakini si kivuli kile. Kwa hiyo miti ya mahali penyewe ina heshima ya kwanza.

Kazi ya pili ni kuyaacha majani yaliyoanguka. Tunajua ya kuwa kina mama zetu hufagia uwanja kila asubuhi, na mwenye uwanja mchafu huonewa haya. Tena uwanja uliofagiwa huonyesha nyoka. Desturi hiyo ni njema, wala hatutaki kuibatilisha. Penye mlango na pafagiwe. Lakini majani yaliyofagiwa yasichomwe moto. Na yawekwe chini ya mti, mbali kidogo na nyumba, yaoze. Hayo ndiyo chakula cha mimea ya kivulini, na mahali pake baada ya miaka miwili mitatu patakuwa na udongo mweusi ambao hakuna duka liuzalo ulio bora kupita huo.

Basi na turudi kwa yule mpita njia tuliyemwacha amesimama mbele ya ua lake. Twamshauri ajiulize maneno matatu. Je, watu wote wakifanya nitakavyofanya, mwamba huu utakuwaje? Je, naweza kupata kitu hiki kwa njia isiyoacha pengo, kwa jani au kwa mbegu, kutoka kwa mtu aliyekilea? Na je, mahali nitakapokipeleka pana kivuli, au nakipeleka kwenda kufa? Akijibu kwa moyo mweupe, mara nyingi atainuka mikono mitupu, aende zake kwa jirani kuomba jani.

Mtu atasema, Mikono mitupu ndiyo faida ya kupenda? Twajibu, mikono ya mtu huyo si mitupu, ina kazi. Kwa kuwa amelipenda ua, atakataa mti ulio juu yake usikatwe bure. Atasema barazani kwa ajili ya chemchemi. Naye atamtetea jirani yake wa iliki, alipwe kwa haki anapoombwa kuondoka. Kulipenda ua la kivulini ni kukipenda kivuli, na kukipenda kivuli ni kuwapenda na watu wanaoketi chini yake. Asiyependa hayo amependa rangi tu, na rangi ya ua hunyauka kwa siku chache. Kijijini ambako kila nyumba ina mti wake na majani yake, na jani hupita mkono kwa mkono, watoto watakuwa na ua uwanjani, na mlimani pia watalikuta.